Ugali upimwe ukiwa unga au ukishaiva?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Niko Moshi, Pasua. Nahesabu kalori ili nipunguze uzito, na nimenunua mizani ndogo ya jikoni. Ugali naupima ukiwa sahanini, lakini programu ya simu ina ugali wa aina tatu, kila mmoja na namba yake. Machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama, ndiyo kabisa, maana tunapika sufuria moja ya watu sita. Nipime kabla ya kupika au baada?

Jibu: Nzuri, dada yangu. Pima mara zote mbili. Kalori zimo kwenye unga. Maji hayana hata moja. Gramu 100 za sembe kavu zina takriban kalori 360, uwe Pasua au huku kwetu Arusha. Ila anayependa ugali mgumu hutia maji machache, na anayependa laini huongeza, kwa hiyo gramu 100 za ugali wake hazilingani na 100 za wako. Namba tatu ulizoziona huenda zote ni sahihi, kila moja kwa jiko lake.

Tafuta namba ya jiko lako. Pima sufuria tupu, uandike. Tuseme umesonga nusu kilo ya unga: hizo ni kalori 1,800. Ugali ukiiva, pima pamoja na sufuria, kisha toa uzito wa sufuria. Ukibaki na gramu 1,500, gawanya 1,800 kwa 1,500, upate kalori 1.2 kwa kila gramu. Ukijipakulia gramu 300, umekula kalori 360. Sufuria ya moto usiiweke juu ya mizani moja kwa moja. Tanguliza kibao cha kukatia mboga, rudisha sifuri, ndipo uitue. Angalia pia uzito wa juu kabisa ambao mizani yako inabeba. Nyingi za nyumbani huishia kilo 5, na sufuria ya watu sita inaweza kuzidi hapo. Ikizidi, hamishia chakula kwenye bakuli upime kwa mafungu.

Machalari hesabu yake ni hiyohiyo, vitu tu vimeongezeka. Ndizi zipime zikishamenywa. Nyama ipime mbichi, na mifupa uitoe kwenye hesabu mwishoni. Wakati wa kupakua, vipande vyako vya nyama vipime peke yake, kwa sababu upawa mmoja hubeba vinne na mwingine mchuzi mtupu.

Lakini ninachokuomba zaidi ni mafuta. Watu wanapima ugali hadi gramu ya mwisho, halafu mafuta wanamimina kwa macho! Kijiko kimoja cha chakula kina karibu kalori 120, na mkono ukizidisha vijiko vitatu, hakuna jicho litakalogundua. Weka chupa ya mafuta juu ya mizani, bonyeza sifuri, mimina kwenye sufuria, kisha irudishe chupa. Mizani itaonyesha namba yenye alama ya kutoa: hizo ndizo gramu zilizotoka. Zidisha kwa 9, ujumlishe kwenye kalori za sufuria nzima.

Kabla ya yote hayo, ihakiki mizani yenyewe. Iweke mahali tambarare, pasipo na kitambaa chini, tua bakuli, rudisha sifuri, umimine maji ya chupa ya nusu lita. Isome gramu 500 au karibu sana na hapo. Ikipishana kwa gramu 20 au 30, badilisha betri kwanza, upime tena.