Wasomaji Wauliza: Mzee wa uwanjani anamtumia kijana wangu bure?

SWALI: Shangazi hujambo. Tulitoka Nakuru tukahamia mji mdogo huku Minnesota, Marekani. Sasa kijana wangu wa miaka 14 tangu theluji iyeyuke hakai nyumbani, ako uwanja wa besiboli na mzee mmoja wa miaka sabini na kitu, wanapiga reki udongo, wanakata nyasi, wanachora mistari na chokaa, na hakuna anayelipwa hata senti. Ati mzee ameifanya hiyo kazi tangu ujana wake. Baba Kevin anasema mtoto amegeuzwa kibarua na huyo mzee lazima kuna kitu anatafuta. Mimi naona mtoto amechangamka, mwanzo alikuwa anajifungia chumbani na simu. Nimkataze? – Mama Kevin

JIBU: Mama Kevin, usimkataze, lakini usimwachilie tu hivi hivi, nitakuja hapo.

Kwanza mwambie Baba Kevin huko mlikohamia hiyo besiboli ya miji midogo, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, ni kitu kizito sana. Chama chao, Minnesota Baseball Association, kilianza 1924 na mpaka leo jimbo lina timu kama 300, nyingine za vijiji ambavyo ukipepesa macho ukiwa kwa gari umeshavipita. Wachezaji hawalipwi. Ni mwalimu, fundi wa mabomba, mkulima, kijana wa chuo aliyerudi likizo, wanatoka kazini jioni wanavaa jezi. Wakati mmoja timu zilikuwa nyingi zaidi, mwaka 1950 zilikaribia 800, halafu televisheni ikaingia majumbani na mwaka 1961 timu ya kulipwa ya Twins ikahamia huko kutoka Washington, watu wakaanza kukaa nyumbani na timu nyingi zikafa. Sasa jiulize zile zilizobaki zilibaki kwa nini. Pesa hakuna. Ni kwa sababu kila mji uliobaki na timu ulikuwa na mtu kama huyo mzee, mwenye funguo za choo na za stoo, anayejua turubai liko wapi mvua ikianza.

Na hiyo kazi si ya kufagia fagia. Pale pitcha, yaani yule anayemtupia mpira mpigaji, anaposimama pana kilima cha udongo, inchi 10 tu kwenda juu, na kila mechi mguu wake unachimba shimo palepale. Usiku ule ule mtu lazima afagie udongo uliolegea, alowanishe, ajaze mfinyanzi mpya, ashindilie, afunike, la sivyo pitcha wa kesho anateguka goti. Ule udongo wa kati ya besi, vile vituo wachezaji wanavyokimbilia, ukikauka sana unakuwa mgumu kama lami na mpira unaruka usoni mwa mchezaji, ukilowa sana watu wanateleza, kwa hiyo mzee anaupima kwa kiatu na mkono wake, na hiyo haifundishwi darasani, unajifunza kwa kusimama karibu na anayejua. Kevin anapewa ufundi hapo. Bado kuna kuandika daftari la mechi, kila mpira uliotupwa una alama yake, kuna kibanda cha hotidogi na bia ambacho ndicho kinalipa mipira na taa, kuna kukimbilia mipira iliyopotelea kwenye mahindi ya jirani.

Halafu mwisho wa Agosti hadi ile Jumatatu ya kwanza ya Septemba kuna mashindano ya jimbo, na mimi napenda sana kanuni yao moja: timu ikifuzu inaruhusiwa kuazima mapitcha kutoka kwa wapinzani wa eneo lake waliotolewa. Yaani yule aliyekupiga Julai anavaa jezi yako Agosti, na mzee wenu anamkaribisha kama wake.

Sasa wajibu wako. Nenda mwenyewe uwanjani, usitume salamu. Msalimie mzee, jua jina lake, jua mke wake kama yupo, ongea na viongozi wa timu uulize nani mwingine huwa yuko hapo na kama wanaojitolea na watoto wanachunguzwa rekodi zao za polisi, huko hilo ni swali la kawaida na mtu mwema hawezi kukasirika. Kevin asiwe peke yake na mtu mzima yeyote mahali pa kujifungia, na mashine kubwa ya kukata nyasi asiendeshe. Baba Kevin naye aende jioni moja ya mechi akae kwenye benchi za mbao mpaka raundi ya tisa. Kumshuku mtu anayejitolea bila kumwona akifanya kazi si haki, mzee wa watu amewapa miaka yake yote na hajadai kitu.

SWALI: Shangazi, na huku kwetu besiboli ipo kweli? – Saidi, Tanga

JIBU: Ipo, mwanangu. Dar shule ya Azania ina uwanja, Wajapani walisaidia kuujenga. Na Uganda ndio wametutoa kimasomaso, watoto wa Lugazi mwaka 2012 walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, besiboli ya watoto, pale Williamsport, Pennsylvania, wakaifunga timu ya jimbo la Oregon, Marekani, 3–2. Mwaka mmoja kabla Uganda walikuwa wamefuzu wakanyimwa viza. Tanga sijui uwanja, lakini mkiwa vijana tisa na walimu wawili wenye moyo waandikieni watu wa Azania, waulizeni glavu na mipira inapatikanaje.