Dada mwenyekiti, weka hiyo sahani chini

Juzi nimepita chuoni kusalimia nikamkuta mwenyekiti mpya wa feloshipu ya wanafunzi Wakristo, binti, kashinda kwa kura halali kabisa, anagawa sahani nje huku kamati yake imekaa ndani inapanga mkesha bila yeye. Nikaishiwa nguvu. Wadogo zangu, hebu njooni.

1. Kuongoza liturgia usiombe ruhusa kwa kaka yeyote. KKKT, Kanisa la Kilutheri Tanzania, ilishakubali wanawake wawe wachungaji tangu 1990, hata mimi nilikuwa sijazaliwa, halafu wewe unatetemeka kusoma Zaburi mbele ya watu arobaini?

2. Sadaka wahesabu wawili, muandike hapohapo. Basi.

3. Hili bado linaniuma. Mwaka wangu wa uenyekiti nilimpa binti wa mwaka wa kwanza zamu ya neno, mtoto wa Kondoa, mpole, wiki mbili nzima namsikia anajihubiria bafuni. Jumapili asubuhi akatokea kaka mgeni kutoka chuo kingine, suti imenyooka, na mimi, mwenye kelele zote za usawa, nikamnong'oneza binti "mdogo wangu tumpishe mgeni, wewe utahubiri wiki ijayo." Hakubisha. Akakunja karatasi yake mara nne akaichomeka kwenye Biblia, akasema sawa dada. Yule kaka akahubiri saa nzima na robo, upepo wa Dodoma unapiga mabati tunasikia nusu, na somo lenyewe, jamani, Martha na Mariamu! Natoka nje namkuta binti anamenya viazi. Hakuna aliyemtuma. Wiki iliyofuata sikumpanga, nilisahau, ndiyo nilisahau, nikaja kukumbuka nafunga begi kwenda likizo. Siwezi hata kusingizia mfumo dume, ratiba nilikuwa nashika mimi. Mpaka namaliza chuo hakuomba zamu tena.

4. Mama mlezi akiita, nenda siku hiyohiyo.

5. Jikoni wekeni zamu na wakaka waingie. Wa kwetu walipoanza waliunguza wali wa watu sitini, mhazini akawa anaumwagia maji eti harufu itoke, tukala hivyohivyo na kachumbari nyingi, hakuna aliyelazwa.

Yule mwenyekiti nilimnyang'anya sahani nikagawa mwenyewe, akaingia kikaoni anajifuta mikono kwenye kitenge. Nasikia mkesha umehamia Ijumaa.