Bosi wa kuprintiwa imeili, hii ni yako

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka na miaka mie nilikuwa bosi wa kuprintiwa imeili. Niko kwenye kazi ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa tangu kabla Simba, ule mfumo wa kompyuta wa forodha wa KRA, mamlaka ya ushuru, haujaanza 2005, ofisi yetu iko Moi Avenue, asubuhi karani ananiletea imeili kwenye faili, nasoma huku nakula mahamri, naandika majibu pembeni kwa kalamu nyekundu, yeye anarudi kutaipu. Na cha kuchekesha, nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilitia nanga hapa hapa Mombasa 2009, yaani net inapita mlangoni kwangu na mie nasubiri karatasi.

Sasa siku moja ikaja imeili ya mwenye malori tunayefanya naye kazi, ati amebadilisha akaunti ya benki, malipo ya mwezi huu yaende kwa ile mpya. Imeprintiwa vizuri, nembo iko, jina liko, nikasaini. Wiki mbili baadaye mwenyewe ananipigia, "Mzee, pesa yangu vipi?" Kumbe anwani iliyotuma si yake. Nilipoonyeshwa kwenye skrini, pale penye herufi m waliweka r na n zimeshikana, ukitupia jicho haraka unaona m tu. Kwenye karatasi yangu anwani hata haikutokea, ni jina basi. Laki tatu na kitu zishakwenda. Nilitaka kumfokea karani lakini saini ni ya nani?

Hapo ndo nikaamua kujifunza, na nakwambia usikimbilie kozi za bei. Mie nilimwita binti aliyekuwa atachii kwetu, yaani mwanafunzi wa mafunzo ya kazi, rika la mwanangu wa mwisho, nikamwambia mamangu nipe nusu saa kila asubuhi kabla wenzio hawajafika. Siku tatu za kwanza alikuwa anashika mausi yeye, tap tap tap, "umeona boss?" na mie naitikia ndiyo na sijaokota kitu. Siku ya nne nikamwambia mkono wako weka mapajani, nielekeze kwa mdomo. Ikachukua dakika kumi kufanya cha dakika moja, jasho linanitoka na AC imewashwa, lakini kile sijakisahau mpaka leo. Ukimwachia kijana mausi utabaki mtazamaji tu.

Na usianze na mambo makubwa, anza na kile unachokisaini. Mie nilianza na Eksel ya makontena, kuchuja yale ambayo siku zake za bure bandarini zinakaribia kuisha, maana zamani nilikuwa naambiwa "tuko sawa boss" halafu bili ya stoo inakuja. Baadaye nikafungua folda ya wateja kwenye Drive nikabonyeza pale panapoonyesha nani ana ruhusa. Watu kumi na mmoja! Wanne walishaacha kazi, mmoja wao yuko kwa washindani wetu, na mle mna kopi za pasipoti na PIN za ushuru za watu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, yakivuja hayo anayeulizwa ni kampuni, sio atachii.

Kujifunza programu kama wale vijana wa kompyuta sijajaribu na wala sioni haja. Ila wauza mifumo wakija na projekta yao siku hizi sikai kutikisa kichwa. Nauliza net ikikatika kazi inakwendaje, nenosiri la admini anashika nani, na siku tukiachana data zetu tunazitoaje. Na nisipoelewa jibu nasema sijaelewa, mbele ya vijana wangu hao hao. Mara ya kwanza ilikuwa ngumu wallahi.

Mwezi uliopita ikaja tena imeili ya akaunti mpya, jina la msambazaji mwingine. Namba ya simu imewekwa pale chini kabisa, ati tupige kuhakikisha. Sikuipiga ile. Nikatoa daftari langu kuukuu kwenye droo, lile la tangu enzi za Simba, nikapiga namba niliyoiandika kwa mkono.

"Akaunti gani tena ami? Mbona mie sijabadilisha chochote."