Ukitaka kuzielewa fainali za Giants na Patriots, acha kuufuata mpira

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba ametazama muhtasari wa dakika kumi wa Super Bowl ya 42, yaani fainali ya ligi ya futiboli ya Marekani, na bado haelewi: timu iliyoshinda mechi 18 mfululizo ilifungwaje 17-14 na timu iliyopoteza mechi 6 msimu uleule? Anataka kujifunza futiboli ya Marekani kupitia upinzani wa New York Giants na New England Patriots, na anauliza aanzie wapi. Ameuliza kwa mtu wa Patriots, na fainali hizo mbili bado zinaniuma. Hata hivyo sijaona darasa la mchezo huu lililo bora kuzishinda, kwa hiyo namjibu kwa kirefu.

Kwanza, achana na muhtasari. Tafuta mechi nzima, tena tatu, na uzitazame kwa mpangilio huu: ile ya mwisho wa msimu ya tarehe 29 Desemba 2007, Super Bowl ya 42 ya tarehe 3 Februari 2008 kule Glendale, Arizona, na Super Bowl ya 46 ya tarehe 5 Februari 2012 kule Indianapolis. Ukizitafuta mtandaoni andika XLII na XLVI, maana Wamarekani huzihesabu kwa namba za Kirumi. Usiruke ile ya Desemba. Patriots walishinda 38-35 na kukamilisha msimu wa mechi 16 bila kupoteza, lakini Giants walikuwa mbele 28-16 katika robo ya tatu, na kocha wao Tom Coughlin alipanga kikosi cha kwanza ingawa matokeo hayangebadilisha nafasi yao katika mtoano. Waliondoka uwanjani wakijua kwamba wanaweza.

Sheria za kukutosha ni chache. Timu ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10; ikisogea, inapata mengine 4. Kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani ni tachidauni, pointi 6, na teke la nyongeza ni 1. Kuupiga mpira kati ya milingoti ni 3. Mwenye mpira akiangushwa ndani ya eneo la mwisho la timu yake mwenyewe, wapinzani wanapata 2, na hiyo huitwa sefti. Mengine utayaokota njiani.

Sasa kazi yenyewe. Kila mpira unapoanzishwa, usimtazame kwotabeki, yule anayeupokea mpira kwanza na kurusha pasi. Tazama mstari wa mbele na uhesabu ni walinzi wangapi wanaovuka kumfuata. Kisha hesabu moyoni, moja, mbili, tatu, mpaka mpira umtoke mkononi. Ukipata namba hizo mbili kwa kila mchezo, yaani kila mpira unapoanzishwa, utaielewa Super Bowl ya 42 kuliko watu wengi waliokuwa uwanjani.

Sababu ni hesabu ya watu. Kila upande una wachezaji 11. Upande wenye mpira, watano ni ukuta wa kumlinda kwotabeki, mmoja ni kwotabeki mwenyewe, na watano ndio wanaobaki kwenda kudaka. Ulinzi ukituma watu 6 kumfuata kwotabeki, wanabaki 5 nyuma dhidi ya wadakaji 5, kila mtu na wake, bila msaada. Kumfanyia hivyo Tom Brady, kwotabeki wa Patriots, wa mwaka 2007 ilikuwa kujimaliza. Alirusha pasi 50 za tachidauni msimu ule, 23 kati ya hizo kwa mdakaji Randy Moss, na timu ilifunga pointi 589. Ukituma 4 tu, unabaki na 7 nyuma dhidi ya 5, na Moss anaweza kuwekewa wawili. Tatizo ni kwamba wanne dhidi ya ukuta wa watano kwa kawaida hawafiki kwa wakati. Wasipofika, kwotabeki anapata sekunde nne au tano, na hakuna ulinzi duniani unaoweza kuwaziba wadakaji kwa muda huo.

Giants waliweza kufika na wanne. Walikuwa wameongoza ligi nzima msimu ule kwa kuwaangusha makwotabeki, mara 53. Kocha wao wa ulinzi, Steve Spagnuolo, alifanya jambo ambalo nataka ulitafute kwa macho yako mwenyewe: Justin Tuck, ambaye kwa umbile na kasi ni mtu wa pembeni, alihamishiwa katikati, akabaki Michael Strahan upande mmoja na Osi Umenyiora upande mwingine. Walinzi wa ndani wa ukuta ni wazito, wamezoea kupambana na wazito wenzao. Ukimletea mwepesi mwenye mikono mirefu, anazungukwa kabla hajaweka miguu sawa.

Halafu kuna umbali. Mlinzi anayetokea pembeni ana njia ndefu, na Brady alikuwa fundi wa kupiga hatua moja mbele ili mtu huyo apite nyuma yake. Anayetokea katikati anamjia usoni na kumnyima hiyo hatua, na bila hatua ile pasi ndefu ya kwenda kwa Moss haina nguvu wala shabaha. Brady pia alikuwa ametoka nusu fainali na kifundo cha mguu kilichoteguka. Kama hiyo haitoshi, mlinzi wa ndani wa kulia wa Patriots, Stephen Neal, aliumia katika nusu ya kwanza na Russ Hochstein akaingia. Kuanzia hapo, elekeza jicho upande huo. Patriots walikuwa wameruhusu Brady aangushwe mara 21 tu katika mechi 16. Usiku ule aliangushwa mara 5.

Tazama pia alikopeleka mipira. Wes Welker, mtu wa pasi fupi, alidaka 11 kwa yadi 103. Moss alidaka 5 kwa yadi 62. Usidhani Patriots walipenda kucheza hivyo. Pasi fupi ndiyo kwotabeki anayowahi kuirusha kabla hajafikiwa. Ukiwafundisha vijana, wafundishe kuisoma karatasi ya takwimu namna hii, kwa kuuliza kwa nini mdakaji fulani alipata mipira mingi, kabla ya kumsifu.

Jambo la pili la kufuatilia ni saa. Giants walianza kwa safari, yaani mfululizo wa michezo wakiwa na mpira, ya michezo 16 iliyochukua dakika 9 na sekunde 59, ndefu kuliko zote katika historia ya Super Bowl. Walivuna pointi 3 tu, teke la Lawrence Tynes la yadi 32, na mtangazaji yeyote atakuambia hilo ni pungufu. Hesabu vizuri lakini: robo ya kwanza nzima kila timu iligusa mpira mara moja. Unapocheza na timu inayofunga karibu kila inapopata mpira, dawa ni kuipunguzia mara za kuupata. Mchezo wenye nafasi chache humsaidia mnyonge, kwa sababu kosa moja la mkubwa halina mahali pa kufidiwa.

Na kosa likaja katika robo ya tatu. Patriots wakiongoza 7-3, walifika yadi ya 31 ya Giants, yaani yadi 31 kabla ya eneo la mwisho la Giants, jaribio la 4, yadi 13 za kusogea. Kujua urefu wa teke, chukua yadi ya mchezo na uongeze 18 hivi: 10 za eneo la mwisho na takriban 8 za pale mpira unaporudishwa kwa mpigaji. Hilo lingekuwa teke la yadi 49, ndani ya uwanja uliofunikwa paa, bila upepo. Kocha wa Patriots, Bill Belichick, alikataa teke, akaamuru pasi, ikaanguka. Mechi iliisha kwa tofauti ya pointi 3. Mpaka leo silikubali uamuzi ule. Jaribio la nne lenye yadi 1 au 2 ni la kujaribu. Lenye yadi 13, ukiongoza kwa pointi 4 tu, chukua pointi.

Kuhusu safari ya mwisho ya Giants, dunia nzima inakumbuka David Tyree akiubana mpira kwenye kofia yake huku Rodney Harrison akimvuta. Yadi 32, kutoka kwa mtu aliyekuwa amedaka pasi 4 tu msimu mzima. Ni mchezo mzuri, lakini ukiishia hapo hujajifunza kitu. Rudisha nyuma kidogo. Utaona jaribio la 4, yadi 1, Brandon Jacobs akipenya. Akizuiwa hapo, mechi imekwisha. Utaona pasi ikipita mikononi mwa Asante Samuel wa Patriots. Akiinasa, mechi imekwisha. Katika mchezo wa Tyree wenyewe, Jarvis Green na Richard Seymour walikuwa wamemshika jezi Eli Manning, kwotabeki wa Giants. Walimshika jezi, hawakumkumbatia mwili, na ndiyo maana aliponyoka. Sogeza mbele tena: jaribio la 3, yadi 11, Steve Smith anadaka 12 na kutoka nje ya mstari ili saa isimame. Ndipo Patriots wakatuma watu wa ziada kumfuata Manning, wakamwacha beki Ellis Hobbs peke yake na Plaxico Burress. Burress aliigiza kukata ndani, Hobbs akaruka na chambo, na pasi ikaenda kona. Sekunde 35 zikabaki. Kwa hiyo walioshinda walikuwa wakituma wanne, na walioshindwa walituma ziada na kulipia.

Umenyiora, mzaliwa wa London mwenye asili ya Nigeria, ndiye baadaye aliyekuwa sura ya mradi wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, barani Afrika, uliofanya kambi Ghana mwaka 2022 na Kenya mwaka 2023. Nawaambia makocha wetu wa mchezo wa bendera, futiboli ambayo mwenye mpira huvuliwa bendera kiunoni badala ya kuangushwa, ule utakaochezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028, kwamba si kila kitu cha fainali hizi kinahamishika. Kwenye bendera mfukuzaji wa kwotabeki huanzia yadi 7 nyuma ya mstari na hakuna kugusana, kwa hiyo ujanja wa Tuck hauna nafasi. Hesabu ya sekunde mkononi mwa kwotabeki na hesabu ya saa vinahamishika vyote. Mfundisheni kijana saa kabla ya kumfundisha kurusha mbali.

Na kwa saa, hakuna kitabu kama Super Bowl ya 46. Giants walifika wakiwa wameshinda mechi 9 na kupoteza 7, wamefunga pointi 394 na kufungwa 400. Walishinda 21-17. Mchezo wa kwanza kabisa wa Brady ulianzia yadi yake ya 6, kwa sababu ya teke la Steve Weatherford wa Giants. Tuck alimjia tena kutoka mbele, Brady akautupa mpira katikati mahali pasipo na mdakaji, akiwa ndani ya eneo lake la mwisho, kosa ambalo nalo huhesabiwa sefti. Sefti, 2-0. Watu huzicheka pointi mbili. Ziweke pembeni, zitarudi. Baadaye kidogo Patriots waliunasa mpira ulioponyoka mikononi mwa Victor Cruz wa Giants, lakini walikuwa 12 uwanjani, mpira ukarudishwa, na Cruz akafunga michezo miwili baadaye. Timu yenye nidhamu kuliko zote haikuhesabu watu wake. Hesabuni, jamani! Kabla ya kila mchezo kuwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu.

Dakika za mwisho, Patriots mbele 17-15, Manning alirusha yadi 38 kwa Mario Manningham ukingoni kabisa mwa mstari, miguu miwili ndani. Belichick alipinga uamuzi, akashindwa, na kupinga ukashindwa hugharimu taimauti moja, yaani haki ya timu ya kusimamisha saa. Fuata gharama hiyo. Zikiwa zimebaki dakika 1 na sekunde 4, Giants walikuwa yadi ya 6 ya Patriots, jaribio la 2, na Patriots walibaki na taimauti moja. Kwa sababu pengo lilikuwa pointi 2, zile za sefti, teke jepesi liliwatosha Giants. Wangepiga goti, yaani kuumaliza mchezo bila kusogea huku saa ikienda, Patriots wangetumia taimauti yao, wangepiga goti tena, sekunde 40 zingeyeyuka, halafu teke. Brady angeupata mpira akiwa na sekunde 15 hivi bila taimauti. Belichick akaamuru walinzi wafungue njia, afadhali tachidauni na muda. Manning alimpigia kelele mkimbiaji wake Ahmad Bradshaw asiingie; Bradshaw alijaribu kusimama, mwili ukamzidi, akaangukia ndani kinyumenyume. Sekunde 57. Uamuzi wa Belichick ulikuwa sahihi, na nautetea mbele ya yeyote.

Katika sekunde hizo, tazama mchezo mmoja ambao muhtasari hauuonyeshi: saa inasoma 17, Giants wako 12 uwanjani, pasi ya Brady inaanguka, saa inasoma 9. Adhabu ilikuwa yadi 5 kwa faida ya Patriots, lakini sekunde 8 zilikuwa zimekwenda na hazikurudishwa. Kuanzia msimu wa 2012 sheria ilibadilishwa: mwamuzi akiona mlinzi wa kumi na mbili, anapuliza kipenga na kuusimamisha mchezo kabla haujaanza.