Barua kwa mwanangu: hasira za mgombea wako

Mwanangu mpendwa,

Swali lako la Jumapili sikulijibu kwenye simu. Salio liliisha, lakini pia nilitaka lilale usiku mmoja kwanza. Ulisema mgombea unayemtaka ana kila kitu, ila hasira zake ziko puani. Amemfokea mwandishi mbele ya kamera, na wenzako wanasema mtu wa hivyo hafai kukabidhiwa nchi. Ukaniuliza kama ni kweli.

Mimi nilikulia kwenye hadithi ya hasira ya Mwalimu Nyerere. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu, Dar es Salaam, wengine na majoho yao, wakipinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kisha kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18. Bango mojawapo lilisema afadhali ukoloni. Mwalimu akawasikiliza, kisha akawaka. Karibu wanafunzi 400 wakafukuzwa, wakarudishwa makwao. Lakini katikati ya ukali ule alilishika neno lao moja, kwamba wakubwa nao wanalipwa mno. Hilo akalikubali, na papo hapo akajikata mshahara wake kwa asilimia 20. Februari iliyofuata likaja Azimio la Arusha.

Watu hupenda kusimulia huo mshahara. Mimi niliyeshika chaki maisha yangu yote siwezi kuwaruka wale vijana: walipoteza masomo kwa sababu ya kusema. Wengi walirudishwa baadaye, na mmoja wao, Samuel Sitta, akaja kuwa Spika wa Bunge. Hata hivyo walifukuzwa kwa kauli ya mtu mmoja aliyekasirika.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 25 Oktoba 1969, Jomo Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Wenyeji waliiita Russia. Oginga Odinga, aliyekuwa makamu wake kabla ya kuhamia chama cha upinzani cha KPU, alikuwapo. Wakarushiana maneno hadharani, Mzee akaporomosha matusi jukwaani, umati ukazomea, mawe yakaruka, walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilitaja watu 11 waliokufa. Kisumu wanasema ni wengi zaidi. Wiki haikuisha, KPU ikapigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini.

Wote wawili walikuwa wakali, mwanangu. Ila hasira ya mmoja ilifika hadi mfukoni mwake mwenyewe, na ya mwingine iliishia kwa waliokuja kumtazama. Na kwa wote wawili simwoni mtu aliyekuwa na uwezo wa kusema, Mzee, hili tulifanye kesho.

Wapole nao usiwaamini upesi. Niliwahi kuwa chini ya ofisa ambaye hakupandisha sauti hata siku moja. Mnacheka naye, anakuulizia watoto, na mwezi wa pili barua ya uhamisho inakufuata. Yule nilimwogopa kuliko wote walionifokea.

Kwa hiyo huko kumfokea mwandishi hakunitishi sana. Ningetaka kujua kama kesho yake alimtafuta wakamalizana. Wasaidizi wake wanadumu naye miaka mingapi? Anayempinga kikaoni, kikao kijacho bado anaitwa? Hayo yanaulizika, wewe uko karibu na watu wanaomjua.

Nikuambie na langu, maana najua mama yako atakuambia. Nilipokuwa mwalimu mkuu nilimfukuza kijana mmoja kwa hasira, asubuhi, kabla sijakaa kitini. Barua niliiandika mwenyewe, nikaigonga muhuri mwenyewe. Baba yake alitembea siku nzima kuja kuniona, na tulipozungumza nikakuta kijana hakuwa na kosa. Nilimrudisha, lakini mtihani ulikuwa umeshampita. Tangu siku hiyo makamu wangu, mama mmoja mnyamavu, akawa akisikia sauti yangu imepanda anauchukua muhuri na kuufungia kabatini kwake. Haniambii kitu. Nikiuulizia anajibu utapatikana baada ya chai ya saa nne. Nilikasirika sana mara ya kwanza. Mara ya tatu nikaanza kumpa mwenyewe.

Bado yupo, anakaa Kihonda. Nikikutana naye sokoni, kabla hata ya salamu, huniuliza kama nimeshakunywa chai.

Baba yako