Barua kwa Zuhura: kuhusu panya wa maabara

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Waraka wako nimeusoma tena leo baada ya alasiri. Waniuliza kama ni haki kumdunga panya sumu ya nyoka mpaka afe ili sisi tujue dawa inafaa, na kama uipokee ile kazi ya maabara Nairobi au uikatae.

Swali lako nitaligeuza kidogo. Kabla ya kuuliza kama panya afe, uliza anaulizwa nini. Damu isimwagwe kwa swali bovu. Nimewaambia hivyo tangu mko wadogo, na siligeuzi neno langu kwa sababu ya panya.

Umeandika kwamba “wanadunga tu na kuhesabu maiti”. Si hivyo. Kwanza hutafutwa kiasi cha sumu kinachoua nusu ya panya kwa saa 24. Panya huwa wa gramu 18 hadi 20, watano kwa kila dozi, na dozi tuseme tano. Hao ni 25, na dawa yenyewe bado haijaguswa. Kisha huchukuliwa sumu mara tatu hadi tano ya kiasi hicho, ikachanganywa na dawa kwa viwango vinavyopanda, ikawekwa kwenye joto la nyuzi 37 kwa nusu saa, ndipo panya wengine 25 wakadungwa kwenye mshipa wa mkia na kuhesabiwa kesho yake. Dawa inayodai kutibu nyoka wa aina kumi hurudia yote hayo mara kumi: panya 500, na hapo ni kama hakuna aliyekosea. Mkono ukitetemeka, sindano ikatoka nje ya mshipa, sumu hubaki kwenye nyama ya mkia. Panya yule huishi, na dawa huonekana bora kuliko ilivyo.

Sasa mkumbuke mjomba wako Salim. Ulikuwa darasa la nne. Mkono wake uliuona, kichupa hukukiona. Bafe alimuuma shambani Matuga, huko Kwale, asubuhi, na kufika magharibi mkono ulikuwa umevimba hadi kwapani, malengelenge yamejaa maji meusi. Zahanati ile ilikuwa na dawa. Akatiliwa chupa baada ya chupa, na uvimbe ukazidi kupanda. Nikakiomba kichupa nikakisoma: ni dawa ya nyoka wanne, fira wa India, kraiti, na vipiri wawili wa huko huko. Bafe hayumo. Vidole vitatu vikakatwa. Mpaka leo nikimwona kakangu anashika kikombe cha kahawa kwa kiganja, hasira hunipanda upya.

Dawa ile haikuwa bandia, na hilo ndilo linalonichoma. Ilipimwa ilivyotakiwa, panya walikufa kwa idadi iliyotakiwa, ila kwa sumu ya nyoka wa Bara Hindi. Ghana na Chad walipoletewa dawa zisizolingana na nyoka wao, vifo viliongezeka mara kadhaa. Panya waliulizwa habari za nyoka wa Bara Hindi, na jibu lao likauzwa Kwale.

Utasema, basi mama, hiyo ndiyo sababu ya kuacha. Nami nimebishana na nafsi yangu juu ya hilo. Kipimo kina kasoro hata kikifanywa sawasawa: sumu na dawa huchanganywa kabla ya kuingia mwilini, ilhali mtu huumwa kwanza, dawa akaipata saa nyingi baadaye. Tena kifo cha panya hakisemi lolote juu ya nyama inayooza, na kuoza ndiko kulikomla Salim vidole. Lakini lau shehena ile ingepimwa kwanza kwa sumu ya bafe wa hapa kwetu, panya 50 wangetosha kuirudisha ilikotoka kabla haijavuka lango la bandari ya Kilindini. Hapo nabaki sina la kusema dhidi ya wale 50.

Najua utanitajia wale vijana sita wa London mwaka 2006, waliojitolea kujaribiwa dawa mpya iitwayo TGN1412, wakapewa dozi ndogo mara 500 kuliko ile waliyoivumilia kima, wakaishia wote chumba cha wagonjwa mahututi. Kwamba mnyama hamjibii binadamu, ni hoja nzito, siipuuzi. Lakini chembe za kinga za kima wale hazikuwa na namna ya kuitikia dawa hiyo kama za binadamu, na vijana walidungwa kwa kupishana dakika kumi tu badala ya kumngoja wa kwanza. Tena ni swali bovu.

Madrasa mlifunzwa habari ya mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkataza mtu kunoa kisu mbele ya macho ya mnyama anayemchinja. Maabara ya watu makini ina kanuni kama hiyo: panya hauawi mbele ya wenzake. Ukiona sanduku la kuulia limejazwa gesi ya kaboni dayoksaidi kabla panya hajatiwa, ondoka. Gesi ile nzito hugeuka asidi puani na machoni. Iingizwe polepole panya akiwa ndani, asilimia 30 hadi 70 ya ujazo wa sanduku kwa dakika, kisha kifo kithibitishwe.

Kabla hujatia sahihi, waulize sumu yao ni ya nyoka aliyekamatwa wapi. Waulize kama dawa hupimwa kwanza kwenye bomba la kioo, ili ile isiyoshikamana na sumu itupwe bila panya hata mmoja. Panya hupewa cha kutuliza maumivu kabla ya sumu? Nani ana ruhusa ya kumtoa anayeteseka kabla ya saa 24 kutimia? Leseni wanayo, maana Sura ya 360 ya sheria zetu yaitaka? Wanasayansi Russell na Burch waliyaandika haya mwaka 1959: kumbadilisha mnyama kwa njia nyingine, kupunguza idadi yao, kupunguza ukali wa mateso. Atakayekwambia hana habari nayo, usimfanyie kazi.

Kwenda au kutokwenda, moyo wangu una upande. Nimeuandika nikaufuta, kwa kuwa mkono utakaoshika sindano si wangu. Niletee majibu yao kwanza, hasa hilo la nyoka ametoka wapi.

Babako anakusalimu. Salim naye, swali lako bado sijamwambia, ukija Idi utamuuliza mwenyewe.

Mamako