Barua kwa mwanangu: Uliniuliza umpe andiko gani

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unauliza yule binti wa miaka 16 katika kikundi chako cha vijana, aliyefiwa na mama yake, umpe maandiko gani, na kama umbane arudi kwenye ibada au umwache. Umeniandikia na orodha kabisa: Zaburi 23, Warumi 8:28, Ufunuo 21. Hukukosea hata mstari mmoja, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia.

Nitakujibu. Ila twende kwanza sebuleni kwetu, wiki ile ya baba yenu.

Unamkumbuka yule mzee wa kanisa aliyesimama kutufariji? Alisema, "Tusilie sana, Mungu alimpenda zaidi yetu." Watu wakaitika amina. Mdogo wako, miaka 13, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi mimi asinipende."

Hilo ulisimuliwa. Usilosimuliwa ni kwamba nilimfinya. Chini ya kanga, kwa nguvu, mtoto aliyekuwa na siku tatu tu tangu afiwe na baba, kwa sababu nilimwonea haya mzee. Mdogo wako hakulia. Alinitazama tu, akanyamaza, na kile kimya tulikaa nacho nyumba moja karibu mwaka mzima. Unakumbuka alivyokuwa akifumbua macho mezani tukiomba, anatuangalia mmoja mmoja kama abiria aliyechoka kungoja basi?

Na alikuwa anacheka! Hilo ndilo lililonipoteza. Mchana utamsikia mpirani anacheka na wenzake, jioni anapiga mlango teke. Nikasema huyu hana uchungu, ana kiburi tu. Sikujua kwamba vijana huingia kwenye huzuni na kutoka, kama mpiga mbizi anayepanda juu kuvuta pumzi. Huyo binti ukimkuta anacheka na simu yake, usidhani amepona. Na akikujibu vibaya, usidhani ameasi.

Aliyetuokoa ni mwalimu wenu wa shule ya Jumapili. Kila Jumamosi alikuja na ubao wa drafti kwapani. Hakuomba, hakufungua Biblia, alikuja kufungwa drafti na mtoto na kurudi kwake. Jumamosi ya nne nikamfuata mlangoni, nimekasirika kweli. "Mwalimu, mbona humwambii habari za Mungu?" Akanijibu huku anavaa viatu, "Mama, rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila neno. Siku hizo saba hawakukosea kitu."

Ndiyo maana mmenichoka kwa neno langu la kaa kwanza. Si langu, nililiokota pale mlangoni. Ukitaka ushahidi, nenda mwisho wa kitabu chenyewe: waliomtetea Mungu kwa maneno mazuri ndio waliokasirikiwa, na Ayubu aliyelalamika usoni pake ndiye aliyeambiwa amenena sawa. Hiyo tuliisoma miaka yote bila kuisikia.

Miezi ikapita. Jumamosi moja nikiwa koridoni (ndiyo, nilikuwa nasikiliza) mdogo wako akasogeza kete na kuuliza, "Mwalimu, na wewe huwa unamkasirikia?" Mwalimu akauliza, nani. "Si unamjua." Ndipo Biblia ikafunguliwa kwa mara ya kwanza. Akampa Zaburi 88 aisome kwa sauti. Alisoma yote mpaka "Nao wanijuao wamo gizani," akangoja. "Halafu?" Mwalimu akamwambia, "Hakuna halafu. Imeishia hapo." Mdogo wako akageuza ukurasa kuhakikisha. "Na hii imo kwenye Biblia?" Akacheka, mwanangu, kicheko cha mtu aliyekuta mwenzake mahali asipotarajia. Usiku ule nilimsikia akilia kwa mara ya kwanza, nikakaa nje ya mlango wake sikuingia. Sijapata furaha ya namna ile tena, kumfurahia mwanangu analia.

Sasa utaniambia, mama, kwa hiyo tusiwaambie habari ya ufufuo? Hapana. Hapo najipinga mwenyewe, maana bila tumaini hilo mimi nisingeinuka kitandani. Warumi 8:28 ni kweli, kwamba katika mambo yote Mungu huwapatia mema wampendao. Paulo aliyeiandika alikuwa amepigwa na kufungwa, hakuwa akifariji watu kutoka kwenye kiti laini. Lakini naona ni andiko ambalo mtu hulisema kwa kinywa chake mwenyewe siku yake ikifika. Ukimsemea wewe, unamfinya. Hata Wathesalonike hawakuambiwa wasihuzunike, waliambiwa wasihuzunike kama wasio na matumaini. Ni tofauti kubwa, na sisi tumeimeza nusu.

Tazama Yohana 11. Martha anamwambia Bwana, "kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Mariamu anakuja baadaye na maneno yale yale. Martha akajibiwa kwa mafundisho: Mimi ndimi huo ufufuo. Mariamu hakupewa fundisho, Bwana alilia machozi pamoja naye. Sentensi moja, watu wawili, majibu mawili, na Bwana ni yule yule akijua kabisa kwamba Lazaro anatoka baada ya muda mfupi. Huyo binti wako ni Martha au Mariamu? Hutajua kwa orodha. Kaa kwanza.

Jambo moja tu usikae nalo: akikwambia anataka kumfuata mama yake, hata kwa utani, usimtunzie siri. Siku hiyo hiyo waambie nyumbani kwao, na apelekwe kwa daktari. Usimwache peke yake. Elia naye aliomba afe, na Mungu alianza na usingizi na "Inuka, ule." Mara mbili. Mazungumzo yalikuja baadaye, mlimani. Sala haijawahi kugombana na daktari.

Na andika mahali tarehe aliyofariki mama yake. Watu watajaa mwezi wa kwanza, mwakani utakuwa peke yako unayekumbuka.

La kumbana arudi ibadani sitaki kuliamua, simjui. Mdogo wako nilimlazimisha, na leo anakaa kiti cha nyuma kabisa na kutoka kabla ya wimbo wa mwisho. Kuna siku nasema finyo langu ndilo lililomweka pale. Kuna siku nasema bila kumlazimisha asingekuwa hata kwenye kiti hicho. Ukinishika sana nitakwambia mwache, lakini usinishike.

Barua nzima umeniandikia anachokataa huyo binti. Hukuniandikia anapenda nini. Ulizia, halafu uniambie.

Mama yako